Jina, Mbegu na Mkono: Kuvitambua Vyakula vya Asia katika Delta ya Rufiji na Kibiti

1. Utangulizi



Mhadhara huu unahusu swali ambalo kwa sura yake laonekana dogo: tunakitambuaje chakula chenye asili ya Asia? Kwa kawaida swali hili huulizwa mtu anapoandaliwa sahani asiyoijua jina wala viungo vyake. Kwa mwanahistoria wa Pwani, hata hivyo, ugumu haumo katika sahani ngeni, bali katika sahani iliyozoeleka. Wali wa nazi kwa kamba, unaoliwa katika vijiji vya delta ya Rufiji, umepikwa kwa nafaka iliyofugwa kwanza Asia na kuungwa kwa tui la tunda lililotoka Asia na visiwa vya Pasifiki. Lakini hakuna Mrufiji anayeuona kuwa chakula cha kigeni. Kwa upande mwingine, korosho, ambayo kwa miongo mingi ilinunuliwa ikiwa ghafi na kupelekwa Uhindini kubanguliwa, hudhaniwa na baadhi ya watu kuwa ni zao la Kihindi, ilhali mti wake ni wa Brazili na ulivushwa bahari na Wareno.

Hoja nitakayoitetea ina sehemu mbili. Kwanza, asili ya chakula haithibitishwi na shahidi mmoja. Kuna mashahidi watatu, yaani jina, mbegu na mkono wa mpishi na mkulima, na kila mmoja ana lake analolijua na lake asilolijua. Pili, asili ya mbegu si asili ya mtu anayeilima. Sehemu hii ya pili, kama tutakavyoona, si suala la kitaaluma tu katika delta ya Rufiji.

Nchi ninayoizungumzia ni ile ambapo Mto Rufiji hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, mkabala na Kisiwa cha Mafia. Mikoko yake, yenye eneo la takriban hekta 50,000, ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo katika Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya delta hiyo, pamoja na Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala, imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Mji wa Kibiti wenyewe uko katika barabara iendayo Lindi na Mtwara, na kutoka bandari ya Nyamisati watu huvuka kwenda Mafia. Wandengereko, Warufiji na Wanyagatwa ndio wenyeji wanaojulikana zaidi wa nchi hii.

2. Jina kama shahidi

Shahidi wa kwanza anayekimbiliwa ni jina. Kuna kundi la majina ambayo yanasema kweli bila kuficha. Biriani na pilau ni maneno yaliyopitia Kiajemi na lugha za Bara Hindi. Chapati, kachumbari na kima yametoka katika lugha za Bara Hindi. Sambusa ina mizizi katika Kiajemi, na fenesi linarudi kwenye neno phanas, linalotumiwa magharibi mwa Uhindi. Majina haya yameingia Kiswahili yakiwa yamevaa nguo zao za safarini. Hayana viambishi vya ngeli vilivyoshikamana na mizizi yake, na nje ya Pwani yanasikika katika umbo linalokaribiana na la kwetu. Kwa kundi hili, jina ni kiongozi mwema.

Kundi la pili ni la majina yanayopotosha. Mfano ulio wazi ni mahindi. Jina lenyewe lataja Uhindi, lakini mmea ni wa Amerika, na ulifika Pwani baada ya Wareno kuanza kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema mwishoni mwa karne ya 15. Jina halikumbuki shamba la kwanza. Linakumbuka mlango, yaani biashara ya bahari ambayo machoni mwa watu wa Pwani ilihusishwa na Uhindi. Wala hili si la Waswahili peke yao. Waitaliano nao waliyaita mahindi hayohayo nafaka ya Kituruki.

Pilipili ni fundisho kubwa zaidi. Neno hili lina udugu na neno la Kisanskriti pippali, lililotaja pilipili ndefu ya Uhindi. Ilipofika pilipili kali ya Amerika, ililichukua jina hilo na kulimiliki. Pilipili nyeusi, ambayo kweli ni ya kusini mwa Uhindi, ikabidi iongezewe sifa ili itambulike, nayo ikaitwa pilipili manga; na Manga, kama mjuavyo, ni Uarabuni. Hivyo basi mmea wa Amerika una jina la Uhindi, na mmea wa Uhindi una jina la Uarabuni. Mdalasini nao umebeba ndani yake maneno ya Kiajemi yenye maana ya mti wa China, ingawa mdalasini bora ulitoka Sri Lanka. Ukwaju, ambao Waarabu huuita tende ya Hindi, huhesabiwa na wanabotania wengi kuwa mti wa Afrika uliofika Uhindini zamani sana.

Kundi la tatu ndilo linalotuhusu zaidi, nalo ni la majina yanayoficha. Mpunga, mchele na wali ni maneno matatu ya hatua tatu za kitu kimoja: kikiwa shambani au ghalani na maganda yake, kikiwa kimekobolewa, na kikiwa kimepikwa. Hakuna hata moja lenye sura ya Kigujarati, Kimalei au Kiarabu. Neno wali lina udugu na ubwali wa Kibemba, ambao ni ugali. Maana yake ni kwamba wasemaji wa lugha za Kibantu walipokutana na nafaka hii hawakuazima jina la pishi lake, bali waliiingiza katika nafasi iliyokuwa tayari katika jiko lao, nafasi ya chakula kikuu. Ndizi na muwa, mimea mingine ya Asia, nayo imevaa nguo za nyumbani vivyo hivyo.

Kutokana na hayo twaweza kupata kanuni ya tahadhari: jina lenye sura ya kigeni huelekeza kwenye ugeni wa karibuni, na jina lenye sura ya kienyeji huelekeza kwenye ukazi wa muda mrefu. Lakini ni mwelekeo tu, si tarehe. Tukitaka tarehe hatuna budi kumwita shahidi wa pili.

Kabla ya hapo, tusisahau kwamba jina moja laweza kutaja vitu viwili hata ndani ya Kiswahili. Mnunuzi kutoka Nairobi anayetaka ndengu anataka punje ndogo za kijani ambazo Kibiti huitwa choroko. Akiuliza dengu huko Kibiti atapewa kitu kingine, punje kubwa zaidi za jamii ya mbaazi za Kihindi. Choroko na dengu zote mbili ni za Asia, na zote zimekaa kwetu muda mrefu. Wala hakuna aliyekosea. Kinachokosekana ni kamusi inayotaja mmea wenyewe pamoja na mahali jina linapotumika.

3. Mbegu kama shahidi

Mbegu iliyoungua motoni haiozi. Hubaki ardhini kwa karne nyingi, na mwakiolojia akiichekecha kutoka katika udongo wa makazi ya kale, aweza kuitambua na kuipima umri. Ushahidi huu umebadilisha sana maarifa yetu katika miongo miwili iliyopita.

Kwanza tutaje kile kilichojulikana kwa maandishi. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza BK, unataja ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta na sukari vikitoka Uhindini kwenda bandari za pwani ya kaskazini ya Somalia. Ukifika kwenye Rhapta, bandari ya mwisho ya pwani ya Azania, hautaji mchele. Unataja silaha za chuma na vitu vya kioo, na kwa baadhi ya mahali divai na ngano ya kuwakirimu wenyeji. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameitafuta Rhapta katika maeneo ya Rufiji na Mafia, na mwaka 1999 alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizopatikana Mkukutu katika nchi hii. Iwe Rhapta ilikuwa hapo au la, mawasiliano ya watu wa Rufiji na bahari ya mbali ni ya kale. Lakini mawasiliano si kilimo. Shanga moja haithibitishi kibaba cha mpunga.

Mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya mimea kutoka katika makazi ya kale ya bara, visiwa vya Pwani, Komoro na Madagaska. Walichokiona ni mgawanyiko. Komoro na Madagaska, kuanzia karne ya 8 hadi ya 10, mimea ya Asia kama mpunga na choroko ilitawala, jambo linalolingana na safari za watu wa visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia. Katika bara na visiwa vyetu vya karibu, nafaka za Kiafrika, yaani mtama, uwele na ulezi, ndizo zilizotawala, na mpunga ulikuwa kidogo. Huko Pemba, Sarah Walshaw alionyesha mwaka 2010 jinsi mpunga ulivyochukua nafasi ya nafaka hizo kuanzia kama karne ya 11, wakati uleule miji ya mawe na Uislamu vilipokuwa vikikua.

Maana yake ni nini? Mpunga haukufika siku moja na kupokewa siku hiyohiyo. Ulikaa mlangoni kwa vizazi kadhaa, ukijulikana na kulimwa kidogo, kabla ya kuwa chakula cha heshima cha Waswahili. Mapema katika karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliitaja Mafia, pamoja na Unguja na Pemba, kuwa visiwa vyenye mchele, mtama, machungwa, ndimu na miwa. Mafia iko mkabala na mikono ya Rufiji. Ingekuwa ajabu kama chakula kilichojaa upande mmoja wa mkondo kisingejulikana upande wa pili.

Nazi nayo imetoa ushahidi kwa njia nyingine. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 na Bee Gunn na wenzake ulionyesha kwamba minazi ya dunia ina makundi mawili makubwa, la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, na kwamba Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki ni mahali ambapo makundi hayo yamechanganyika. Mnazi wa kwetu, basi, si mtoto wa safari moja.

Aidha njia hii haikuwa ya upande mmoja. Mtama, uwele, ulezi na kunde zilitoka Afrika na kufika Bara Hindi katika milenia ya pili kabla ya Kristo. Anayehesabu madeni ya Afrika kwa Asia katika chungu cha wali hana budi kuhesabu pia madeni ya Asia kwa Afrika.

4. Mkono kama shahidi

Shahidi wa tatu ni mkono: namna chakula kinavyolimwa, kinavyosagwa, kinavyoungwa na kuliwa.

Mfano bora wa utambuzi wa aina hii tumeachiwa na Ibn Battuta, aliyepita Pwani yetu mwaka 1331. Huko Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli pamoja na vitoweo mbalimbali, ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, na vyakula vya kuchachisha hamu: ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Ili msomaji wake wa Maghribi alielewe embe, alilifananisha na tofaa, akaeleza kwamba lina kokwa, kwamba likiiva ni tamu na huliwa kama tunda, na kwamba likiwa bichi ni kali kama limau na hutiwa katika siki. Huko Mombasa alikuta tunda mfano wa zeituni lenye utamu mwingi, ambalo twalitambua kuwa zambarau. Njia yake ni ya kuigwa: alitaja umbo, kokwa, ladha kwa kila hatua ya kuiva, na matumizi. Hata hivyo tumsome kwa uangalifu. Kitabu chake kilikamilishwa kwa imla mnamo 1355, baada ya yeye kuishi Uhindini miaka mingi. Majina ya Kihindi anayoyatumia huenda ni elimu ya baadaye, lakini maelezo ya sahani yanabaki na thamani yake. Yanaonyesha kwamba kile tunachokiita leo achari ya embe kilikuwapo katika meza za Pwani kabla ya duka la Mhindi wa karne ya 19, ambalo mara nyingi ndilo linalopewa sifa ya kuleta kila kiungo.

Duka hilo lilikuwa na nafasi yake. Baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, wafanyabiashara wa Kihindi waliongezeka visiwani na kufika hadi katika miji midogo ya Pwani. Majahazi yalifuata boriti za mikoko ya Rufiji na kuzipeleka Unguja, Uarabuni na Ghuba. Tunachopaswa kukataa ni mazoea ya kuirundika historia yote ya viungo katika karne hiyo moja.

Natoa mfano mmoja ambapo mashahidi hawakubaliani. Kitumbua kina jina la Kiswahili safi. Mbegu zake, mchele na nazi, ni za Asia. Chombo chake, kikaango cha chuma chenye vishimo vya mviringo, kina ndugu wa karibu kusini mwa Uhindi, ambako unga wa mchele uliochachuka hukaangwa katika chombo cha namna hiyohiyo. Tukimsikiliza shahidi mmoja tutasema kitumbua ni chetu, na tukimsikiliza mwingine tutasema ni chao. Tukiwasikiliza wote tutasema jambo la kweli zaidi: kwamba wapishi wa pande mbili za bahari moja walikuwa na mchele, nazi na chuma, nao walijuana.

Hali ni hiyohiyo kwa wali wa nazi. Mbuzi ya kukunia nazi, kibao kinachokaliwa chenye ulimi wa chuma, ina wenzake Uhindini na Kusini-Mashariki mwa Asia. Kifumbu cha kukamulia tui kimesukwa hapa kwa ukindu wa hapa. Jina la chombo, mkono unaokifinyanga na mmea unaokisuka ni vya mwenyeji.

5. Asili ya mbegu na haki ya mkulima

Kilimo ni mkono vilevile, na hapa ndipo hoja yetu inapoacha jiko na kuingia shambani.

Mpunga wa delta hulimwa katika ardhi ambayo maji ya chumvi huifikia. Mkulima hutegemea mvua na furiko la mto kuisafisha chumvi hiyo kabla mche haujashika. Hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ili kulinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe mwitu. Anajua ni bonde lipi limechoka, ni lipi limevamiwa na kaa, na ni mbegu ipi inayostahimili nini. Juu zaidi bondeni, maji yakishapungua, wakulima hupanda mlau katika unyevu uliobaki, kilimo ambacho H. Marsland alikieleza kwa kirefu mwaka 1938. Katika bonde moja, ndani ya mwaka mmoja, mpunga wa Asia hufuatwa na mahindi ya Amerika na kunde za Afrika. Mabara matatu yapo katika bonde moja, lakini elimu inayoyapanga ni moja, nayo ni ya Mrufiji.

Elimu hii imetikiswa mara nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Operesheni Rufiji iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda katika vijiji vya nyanda za juu, mbali na mashamba yao ya furiko. Katika delta, mashamba ya mpunga yaliyo ndani ya hifadhi ya mikoko yamekuwa chanzo cha mvutano kati ya wakulima na mamlaka za misitu. Mwaka 2012 Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett walichapisha makala wakidai kwamba mipango ya uhifadhi ilikuwa ikiwachora Warufiji wa delta kama wahamiaji wa karibuni na waharibifu wa mikoko, kinyume na historia yao ndefu ya kilimo mahali hapo. Watetezi wa mipango hiyo waliyapinga madai hayo, na mabishano yaliendelea katika majarida.

Si nia yangu kuamua hapa namna ya kuihifadhi mikoko, ambayo kila mtu wa delta anajua thamani yake kwa kamba, samaki na boriti. Nataka kuonyesha tu kwamba mabishano hayo yamesimama juu ya swali la kihistoria: nani mgeni? Ikiwa tutakubali kwamba mmea wenye asili ya ng'ambo unamfanya mkulima wake kuwa mtu wa kuja, basi hakuna mwenyeji popote duniani. Mwitaliano na nyanya zake, Mwairishi na viazi vyake, Mhindi na pilipili yake, wote watakuwa wageni makwao. Karne kadhaa za kuupanda mpunga, kuupa majina, kuulinda kwa dungu na kuujua pamoja na chumvi ya udongo ni ushahidi wa ukazi, si wa ugeni.

Mto wenyewe nao unabadilika. Kujazwa kwa bwawa la Julius Nyerere kulianza Desemba 2022, na mnamo Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliharibu mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mkulima anayepoteza mbegu katika mafuriko hulazimika kununua nyingine sokoni, mara nyingi mbegu zinazojulikana nchi nzima kama Supa au Supa India. Jina hilo la mwisho litamfurahisha mtafiti wa kesho anayetafuta asili ya Asia, naye atapotoka. Mbegu iliyopotea, ambayo huenda ilikaa bondeni vizazi vingi kwa jina la Kindengereko, haitakuwapo kumsahihisha.

6. Hitimisho

Nimeeleza kwamba jina hutuambia mlango ambao chakula kilipitia na namna kilivyopokewa; mbegu hutuambia kilikotoka na wakati kilipofika; mkono hutuambia kimekuwa cha nani. Tukimtegemea shahidi mmoja tutayapeleka mahindi Uhindini, pilipili manga Uarabuni na Mrufiji ng'ambo.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza, kamusi zetu zitaje jina la kisayansi la kila mmea wa chakula pamoja na eneo ambako jina linatumika, ili choroko na ndengu zisiendelee kupigana bure. La pili, wanafunzi wa isimu na historia wapelekwe katika delta na bonde la Rufiji wakaandike majina ya mbegu za mpunga kwa lugha za wenyeji: Kindengereko, Kirufiji na Kinyagatwa. Waandike nani aliipanda kila mbegu, wapi, na kwa nini aliipenda kuliko nyingine. Kazi hiyo haihitaji mitambo. Yahitaji daftari, unyenyekevu na wazee walio hai. Na kati ya mahitaji hayo matatu, la mwisho halitatusubiri.